Kaburi Nililoliandika Kitabuni

Kijitabu kilipofika kutoka Uingereza nilikisoma mara mbili, na mara zote mbili nilijiuliza: kwani hawa watu hawana majirani?

Kilikuwa kidogo, cha karatasi ya kung'aa, na kilieleza vijiji na alama zilizo kandokando ya mji wao mmoja wenye kanisa kuu la zamani. Waumini wa huko na sisi wa Homa Bay tulikuwa marafiki wa kutumiana barua. Wao walitutumia kadi za Krismasi, sisi tukawatumia picha za kwaya yetu ikiwa imevaa sare mpya. Sasa wakatuma hiki. Kijiji hiki kina daraja la mawe, kile kina kinu cha upepo ambacho hakisagi tena. Ukipita baa yenye kibao cha mbweha, geuka kushoto, utaona mti mkubwa ndani ya makaburi, na chini yake amelala bwana fulani na mkewe. Njia imechorwa. Saa za kufunguliwa lango zimeandikwa. Nilisema moyoni, mtu akiandika hivi huku kwetu Jumamosi, kufikia Jumatatu atakuta shamba lake lina vigingi vya mtu mwingine.

Kamati ya kanisa ikaamua tujibu zawadi kwa zawadi: na sisi tuandike kijitabu cha vijiji na alama zinazozunguka kanisa letu kuu, kuanzia ziwani hadi kwa majirani zetu wa Migori. Kasisi akanitazama mimi. Nimefundisha jiografia shule za msingi maisha yangu yote ya kazi, na mstaafu kwetu ni mtu anayedhaniwa hana shughuli. Nilikataa kidogo, kwa adabu, kisha nikakubali. Nilikuwa na sababu yangu, nayo sikuiambia kamati.

Sababu yenyewe ilikuwa nyanya, mama yake baba, mke wa kwanza wa babu aliyeanzisha kijiji chetu. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, na kwa hiyo baba hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita mama tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, jinsi wazee wetu wanavyomwita mtoto aliyewarudishia mama zao. Lakini kaburi la huyo mama hakuna aliyelijua. Alikufa baba akiwa mtoto mdogo, zama ambazo kaburi halikutiwa saruji wala msalaba. Halafu babu akafa, wana wakahama kila mmoja akajenga boma lake, na boma la babu likabaki gunda, yaani mahame, halafu likawa shamba la mahindi. Ndugu zake baba wote walikwisha kufa. Yeye tu ndiye aliyebaki akijua nyanya alilala wapi, naye alikuwa amepita miaka themanini na anatembea kwa fimbo. Kila nilipomwuliza alisema, "Hayo ni ya zamani, mama," na kuomba aongezewe chai.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kwamba atakufa na hilo jibu mdomoni, na mimi mwenye jina la nyanya nitazeeka nikiwa sijui niende wapi kumsalimia.

Na nilimshuku mdogo wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akilima ile gunda, na ndilo shamba zuri kuliko yote tuliyo nayo huko karibu na Kosele, udongo mweusi, hauna jiwe. Kwetu kaburi lina nguvu kuliko hati ya serikali. Panapolala mtu wa kike wa boma, wajukuu wote wana haki ya kukanyaga, hata sisi tulioolewa. Sasa fikiria binti aliyeolewa Awendo, mwenye miwa yake mpaka mlangoni, anarudi kwao ghafla na daftari, anauliza makaburi yako wapi. Hata mimi ningejishuku. Ndiyo maana kijitabu cha kanisa kilinifaa. Nilijua baba anaweza kuninyima mimi, lakini hatalinyima kanisa.

Nilianza na zile za mbali, ili nionekane nafanya kazi ya kamati.

Kwenye ziwa la Simbi hapakuwa na shida, kwa sababu ile hadithi kila mtoto anaijua na haina shamba ndani yake. Palikuwa na kijiji, watu wakifanya sherehe, akaja bibi kizee amechoka, anaomba pa kulala. Wakamfukuza mlangoni. Mwanamke mmoja tu alimpokea, na huyo ndiye aliyeambiwa aondoke kabla mvua haijaja. Mvua ikaja, kijiji kikazama, kukabaki ziwa. Niliandika vizuri kabisa ukurasa mzima.

Shida ilianza nilipoanza kuuliza majina ya vijiji. Kilima kimoja nilipewa majina matatu na watu watatu wa boma moja, na wote wakiwa wamekaa kwenye benchi moja. Mzee mmoja aliniuliza mimi maswali saba kabla hajajibu langu moja: wewe ni binti ya nani, umeolewa wapi, nani amekutuma, kanisa linatafuta nini huku, wazungu wanataka majina yetu ya nini, hilo daftari litabaki kwa nani, na kwa nini wewe. Nilimjibu yote saba kwa heshima. Akaridhika, akanionyesha njia ya kwenda kwenye pango walilojifichia wazee wakati wa vita vya zamani. Nilitembea saa nzima kwenye jua. Ile njia ilizunguka kisima, ikapita nyuma ya shule, ikanitoa barabarani palepale nilipoanzia, na mzee hakuwepo tena.

Osiri ndiyo usiseme. Pale watu wanachimba dhahabu, na kwao kila mwenye kalamu ni mmoja wa wawili: ametumwa kuwafukuza au ametumwa kuwatoza. Nilimkuta mama mmoja amekaa chini anaponda mawe kwa nyundo. Nikamsalimia, nikakaa kando yake. Akatazama daftari.

"Unaandika nini?"

"Jina la mahali tu."

"Jina la mahali unalijua," alisema, bila kuacha kuponda. "La sivyo ungefikaje?"

Niliandika Osiri, nikaondoka.

Baada ya wiki tatu za hivyo nilikuwa nimejifunza kanuni moja, nami niliiona ni kanuni ya busara sana. Kinachosemwa kwa urahisi ni uongo. Ukweli kwetu unakuja kwa kuvutwa, kama jino. Mtu akikupa jibu kabla hujamaliza swali, jua anakuondoa njiani. Nilijiona nimekuwa mjanja. Mwalimu wa jiografia mzima, nimefundishwa kazi na mzee wa pangoni.

Basi nikiwa na kanuni yangu mkobani nikaenda kwa baba.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, anapukusa mahindi. Mdogo wangu alikuwa amekwenda Kosele sokoni kutafuta mbolea. Nilimweleza baba habari za kijitabu, nikamsomea ukurasa wa Simbi, nikamweleza jinsi wale wa Uingereza walivyoandika hata makaburi yao, na jinsi kanisa letu linavyotaka kila kijiji kiandike mwanzo wake. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Nilikuwa na hoja nne na aya moja ya Biblia. Aliniacha niseme mpaka mwisho.

"Kaka yako yuko?" aliuliza. Baba alimwita kila mwanamume kaka yangu, hata huyu niliyemzidi kwa miaka minane.

"Ameenda sokoni."

"Basi nipe fimbo."

Tukatembea polepole. Tulipita katikati ya mahindi, tukafika mahali palipokuwa lango la boma la babu. Utalijua hata leo, kwa sababu ile miti ya utomvu mweupe iliyopandwa pande mbili za lango bado imesimama, mikubwa sasa. Mimi nilisimama, nikidhani tutageuka kuingia ndani. Baba hakugeuka. Alipita lango kwa nje, akateremka kuelekea korongoni ambako hakulimiki, akasimama kwenye mawe mawili makubwa yanayotazamana. Kati ya yale mawe kuna nafasi ya udongo, upana wa mkeka.

"Yuko hapa," alisema.

Nikamwuliza imekuwaje mke mkubwa wa boma alale nje ya ua. Akaegemea jiwe, akanieleza. Alinieleza moja kwa moja, kwa sauti ileile anayoagizia sukari.

Alisema mama yake aligombana na mume, akarudi kwao ng'ambo ya mto, akakaa misimu miwili ya kulima. Akarudi akiwa mgonjwa. Babu akakataa lango lifunguliwe. Alisema mke aliyetoka vile haingii hivihivi, mpaka wazee wakae wayaseme. Wazee hawakukaa. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake. Nyanya akakaa kati ya yale mawe siku tatu. Baba alikuwa mdogo, wa kuchunga mbuzi, na alimpelekea maji kwa kibuyu, akipita mahali ua ulipotoboka. Siku ya nne alikuta wanaume wanachimba.

"Kwa nini hukusema miaka yote hii, Baba?"

"Ningesema nini? Kwamba baba yangu alimfungia mama yangu lango?"

Mtu mwenye akili timamu hapo angemshika baba yake mkono. Mimi nilianza kumhoji kama askari. Nani alichimba? Walichimba saa ngapi? Kichwa kilielekea wapi? Yeye akajibu kila swali, pap, pap, bila kusita. Na kila alivyojibu ndivyo kanuni yangu ilivyozidi kunong'ona. Mbona rahisi hivi? Miaka yote amekataa, leo ameshika fimbo mwenyewe. Na hadithi yenyewe naijua: mwanamke amechoka, amefika mlangoni, amekataliwa. Si Simbi hii? Si ndiyo niliyoiandika wiki tatu zilizopita, na nikamsomea yeye mwenyewe barazani kabla hatujatoka, naye akaitikia kwa kichwa akasema nimeandika vizuri?

Halafu nikatazama tuliposimama. Mawe, miiba, korongo. Mahali ambapo hata mbuzi hawakai. Nikageuka nikatazama juu, ule udongo mweusi wa mdogo wangu, mahindi yamenyooka. Nikasema, kumbe. Nyanya akilala huku chini, shamba lote la juu liko huru, halina kaburi, halina mjukuu wa kudai chochote. Mzee anamsafishia mwanawe njia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tulipokuwa tunapanda, baba aliniuliza, "Umeandika?"

"Nimeandika, Baba."

Sikuwa nimeandika hata herufi moja.

Siku mbili baadaye nilirudi peke yangu nikiwa na kamba. Boma la Mluo halijengwi ovyo. Lina mpango wake, nami nimewachorea watoto mpango huo ubaoni mara nyingi. Ukilijua lango, umeijua nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, kwa sababu nyumba yake inakaa juu kabisa ikitazama lango. Ukiijua nyumba ya mikayi unajua kaburi lake, kwa sababu mke hulazwa upande wa kushoto wa nyumba yake. Nilivuta kamba kutoka kwenye ile miti ya lango, nikapanda nayo katikati ya mahindi, nikapima, nikageuka kushoto. Palikuwa na kinundu cha udongo. Nilipiga magoti palepale, nikasema, nyanya, nimekupata, walitaka kukuficha.

Nilimwambia mdogo wangu jioni ileile, nikiwa tayari kwa vita. Nilimwambia nyanya yuko katikati ya shamba lake. Nilimtazama usoni nione atakavyobadilika.

"Kumbe," alisema. "Na mimi nimekuwa nikilima juu yake miaka yote hii?" Akageukia upande wa shamba. "Basi tuweke msalaba. Pale nitaacha, sitalima tena."

Unadhani nilifurahi? Nilisema huyu ana lake jambo. Mtu haachii udongo kama ule kwa neno moja. Nilirudi Awendo nikimchunguza kichwani usiku kucha, nikitafuta ujanja wake uko wapi.

Msalaba ulijengwa. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyekoroga saruji, na mke wake akapika kwa watu waliokuja. Kasisi alifika kuomba. Tulimbeba baba na kiti chake mpaka katikati ya shamba, tukamweka kivulini. Wakati wa maombi nilikuwa namtazama yeye tu. Nilitaka aone kwamba nimejua. Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya fimbo, anautazama ule msalaba mpya.

Watu walipoanza kuelekea kwenye chakula aliniita.

"Mama. Ni hapa?"

"Ni hapa, Baba," nilimjibu, na nikamkazia macho.

Alimtazama kasisi, akamtazama mdogo wangu aliyekuwa ananawa saruji mikononi, akawatazama na wale majirani. "Sawa," alisema. Akaomba arudishwe nyumbani, alikuwa hajala.

Niliona ile ni aibu ya mtu aliyenaswa. Hata nilimhurumia kidogo, kwa namna ya mshindi. Haikuniingia akilini kwamba ili anisahihishe pale, angelazimika kusimama mbele ya kasisi na majirani na kusema baba yake alifunga lango.

Kijitabu kilichapishwa. Kina Simbi, kina vilima, kina soko la Kosele na kiwanda cha sukari cha Awendo na wachimbaji wa Osiri, na kwenye ukurasa wa vijiji kuna picha ya msalaba wetu kati ya mahindi, na maneno yangu chini yake: hapa amelala mke mkubwa wa mwanzilishi wa kijiji, kwa mujibu wa mila za boma. Kule Uingereza walikipenda sana. Waliandika barua kusema kwamba picha ya kaburi hilo imewagusa kuliko zote.

Baba aliugua mvua za masika zilipoanza. Nilikwenda kumwuguza. Siku moja mchana, mimi na yeye tu chumbani, aliniuliza, "Huwa unaenda kule?"

"Naenda, Baba," nilisema. Nilikuwa nimepita msalabani asubuhi ile.

"Usiache ng'ombe wapite juu yake."

"Siwezi, Baba. Kuna uzio."

Alinitazama muda mrefu, akafumba macho. Sikuuliza ng'ombe gani wangepita kwenye shamba la mahindi. Alifariki wiki hiyo, tukamzika nyumbani kwake mwenyewe kama inavyopasa, na watu walisema mzee ameondoka vizuri, hana la kumzuia njiani.

Mwaka uliofuata mdogo wangu alitaka kuchimba choo kipya. Cha zamani kilikuwa kimejaa. Mahali alipokuwa amepanga kukichimba tangu mwanzo ni mle shambani, karibu na nyumba, lakini sasa hapo palikuwa hatua chache tu kutoka kwenye msalaba. Yeye akasema hawezi kumchimbia nyanya choo ubavuni. Akazunguka akitafuta udongo laini mbali na msalaba, na udongo laini aliupata kule chini kwenye korongo, kati ya mawe mawili.

Alinipigia simu saa nne asubuhi. "Dada, njoo. Tumechimba mtu."

Nilijua kabla hajakata simu. Njia nzima kutoka Awendo nilikuwa najaribu kutojua.

Nilipofika, wachimbaji wawili walikuwa wamekaa juu ya jiwe, miguu yao haitaki kugusa chini. Mifupa ilikuwa imewekwa kwenye gunia lililotandazwa vizuri, myembamba, michache, rangi ya udongo. Naibu wa chifu alikuwa amekwisha fika, ametazama, amesema ni ya zamani sana na hakuna kesi hapo. Majirani walikuwa wanasemezana. Mmoja alisema ni mfanyabiashara wa enzi hizo, wa kupita na chumvi, aliyeuawa njiani. Mwingine alisema ni mtu wa njaa kuu. Wote walikubaliana kwamba si mtu wa boma, kwa sababu mtu wa boma hawezi kuzikwa kule. Wakasema azikwe ng'ambo ya korongo kama mgeni, bila jina, na mtu amwagie maji kidogo ili asisumbue.

Mdogo wangu alikuwa amesimama na jembe, uso umesawijika. Alinivuta kando.

"Dada, wewe ndiye uliyekuwa unamwuliza Baba mambo haya. Aliwahi kukwambia kuna mtu hapa?"

Ningeweza kusema hapana. Shahidi alikuwa mmoja tu na tulikuwa tumemzika. Kijitabu kilikuwa kimevuka bahari, picha iko kwenye meza za watu, na kasisi aliuombea msalaba. Naibu wa chifu alikuwa amevaa kofia yake anataka kuondoka. Nilifungua mdomo niseme hapana, nikaona lile gunia, nikaona upana wa mkeka kati ya mawe. Siku tatu alikaa hapo. Nilihisi aibu ambayo sijawahi kuihisi mbele ya mtu aliye hai.

"Ni nyanya," nilisema.

"Nyanya si yuko shambani?"

"Shambani hakuna mtu."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikimtazama viatuni. Lango. Wazee wasiokaa. Kibuyu cha maji. Nilimweleza kwamba baba alinileta hapa kwa miguu yake, akaegemea jiwe hili, na mimi nikaona ananidanganya. Nilimweleza na lile baya zaidi, kwamba nilidhani anaficha kaburi ili yeye, mdogo wangu, abaki na shamba safi. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

Aliwaambia wachimbaji waende nyumbani wakanywe chai, kazi imekwisha. Aliwaambia majirani kwamba huyu ni wetu, atapelekwa juu, ndani ya lango. Walipoondoka akalaza jembe chini, akachuchumaa kando ya gunia, akaanza kuondoa vipande vya mizizi kwenye ile mifupa kwa vidole vyake.

"Mimi pia nilimwuliza," alisema. "Nilipotaka kuweka msingi wa nyumba yangu. Nikamwambia, Baba, kama kuna mtu wetu amelala upande wowote, nionyeshe nisije nikamkanyaga. Akaniambia hajui. Nikamwuliza tena alipokuwa anaugua. Akasema hajui, na akaniuliza wewe utafika lini."

Akainuka, akajipangusa magotini.

"Alikuwa anakungoja wewe," alisema, kisha akaenda nyumbani kutafuta shuka safi ya kumfunika.